Mgawo wa Nafasi za Kazi Serikalini: Faida Yake na Hatari Zake

Nunguni ni mji wa soko katika vilima vya Kilungu, Kaunti ya Makueni. Mashamba ya huko yamekatwa matuta katika miteremko, na jasho la wakulima limeifanya ardhi hiyo kulisha watu wengi. Lakini shamba ligawanywapo kwa watoto, na wajukuu wakafuata, hufika siku ambapo halitoshi tena. Ndiyo sababu wazazi huuza ng'ombe ili kulipa karo, na ndiyo sababu tangazo la kazi ya Serikali husomwa kwa makini kuliko habari nyingine yo yote. Watu huuliza maswali mawili: nafasi ni ngapi, na ni za nani?

Swali la kwanza hujibiwa na tangazo lenyewe. La pili ni gumu zaidi, na majibu mengi yanayotolewa sokoni si sahihi. Wengine husema kwamba nafasi zote za kaunti ni za wenyeji. Wengine husema kwamba sheria imewanyang'anya wenyeji haki yao na kuwapa wageni. Makala hii yaeleza sheria isemavyo, jinsi mambo hayo yalivyoanza, na yaliyotokea katika nchi zilizogawa nafasi za kazi kwa haki au kwa hila.

MAANA YA MGAWO

Mgawo wa nafasi ni fungu la kazi linalowekwa kando kwa ajili ya watu wa namna fulani: watu wa kabila, wa mkoa, wanawake, walemavu, au watu waliofanya jambo fulani kwa ajili ya nchi. Nafasi zilizobaki hushindaniwa na watu wote.

Haja ya kufanya hivyo yatokana na jambo linalojulikana na kila mtu. Shule hazikujengwa kila mahali kwa wakati mmoja. Barabara na hospitali pia hazikufika kila mahali kwa wakati mmoja. Watu waliotangulia kupata shule walitangulia kupata kazi, na waliokwisha kupata kazi waliwavuta ndugu zao. Ikiwa mashindano yataachwa hivyo hivyo, aliyetangulia jana atatangulia na kesho. Mgawo huwekwa ili kumpa nafasi yule aliyecheleweshwa na historia, wala si kumpa tuzo mtu mvivu.

Hata hivyo kila mgawo una gharama. Nafasi iliyowekwa kando kwa mmoja ni nafasi iliyoondolewa kwa mwingine, na huyo mwingine ana jina, ana mama, na ana hati zake mkononi. Serikali isipomweleza kwa nini, atatafuta maelezo kwa wengine, na wako watu wa siasa walio tayari kumpa.

SHERIA ZA KENYA ZASEMA NINI?

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia katika mapigano yaliyoua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu makwao. Miongoni mwa malalamiko yaliyosikika sana ni kwamba kazi na mali ya Serikali zilikuwa zikigawiwa kwa kabila. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo chasema kwamba idara yo yote ya umma isiwe na watumishi wa kabila moja wanaozidi theluthi moja ya watumishi wake wote.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iliongeza nguvu. Kifungu cha 232 chataka utumishi wa umma uwe na sura ya jamii zote za Kenya, na kwamba wanaume na wanawake, watu wa makabila yote, na walemavu wapewe nafasi ya kutosha na iliyo sawa ya kuajiriwa, kufundishwa na kupandishwa cheo. Kifungu hicho hicho chataja pia ushindani wa haki na sifa za mwombaji kuwa msingi wa kuajiri. Maana ya maneno haya ni kwamba mgawo haukuwekwa mahali pa sifa. Viwili hivyo viende pamoja.

Kisha serikali za kaunti zilipokuwa karibu kuanzishwa, ikatungwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kifungu cha 65 chaiagiza Bodi ya Utumishi wa Umma ya kila kaunti, inapochagua watu, iangalie haja ya kuhakikisha kwamba angalau nafasi 30 katika kila 100 za ngazi ya kuanzia zinakwenda kwa watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti hiyo. Hiki ndicho kifungu kinachobishaniwa sana.

HESABU YA KIJANA WA NUNGUNI

Chukua mfano. Kaunti ya Makueni yatangaza nafasi 20 za makarani wa ngazi ya kuanzia. Karibu wakazi wote wa kaunti hiyo ni Wakamba. Kwa hesabu ya kifungu cha 65, nafasi 6 zatakiwa ziende kwa watu wasio Wakamba, na 14 zabaki. Kijana wa Nunguni ambaye alama zake zimemfanya awe wa 15 kati ya Wakamba aweza kukosa kazi katika kaunti aliyozaliwa. Uchungu wake ni wa kweli, wala haifai kumcheka.

Lakini hesabu haijaisha. Kenya ina kaunti 47. Kaunti ambazo Wakamba ndio kabila kubwa ni 3 tu: Machakos, Kitui na Makueni. Zimebaki 44. Katika Nyeri, Kisii, Siaya au Bomet, kijana huyo huyo ndiye asiye wa kabila kubwa, na sheria ile ile iliyompunguzia nafasi nyumbani yamfungulia mlango huko. Si kusema kwamba ameahidiwa kazi. Atashindana na watu wa makabila mengine. Lakini bila kifungu hicho, karani wa kaunti nyingine angeweza kumwambia waziwazi arudi kwao.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watu wengi huipenda sheria hii inapotumika katika kaunti ya jirani, na kuichukia inapotumika kwao. Ikiwa kila kaunti itafanya hivyo, sheria itakufa katika kaunti zote 47, na atakayeumia zaidi ni kijana wa kabila lenye kaunti chache au lisilo na kaunti hata moja.

Hatari hiyo si ya kuwaziwa tu. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipokagua watumishi wa kaunti na kutoa taarifa yake mwaka 2016, ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya kaunti zote hazikufikia kiwango hicho cha 30 katika 100. Hapo awali, mwaka 2011, tume hiyo ilikuwa imetoa hesabu ya watumishi wa Serikali kuu. Wakikuyu na Wakalenjin kwa pamoja walikuwa karibu 40 katika kila watumishi 100, hali katika hesabu ya watu ya 2009 walikuwa karibu 30 katika kila wananchi 100. Wakamba walikuwa karibu 10 katika kila watumishi 100, na karibu 10 katika kila wananchi 100. Wakenya wengi walikumbuka kwamba marais watatu wa kwanza walitoka katika makabila hayo mawili yaliyozidi. Hesabu hiyo haikumpa mtu kazi, lakini ilikuwa na faida kubwa: jambo lililokuwa likinong'onwa liliwekwa mezani kwa tarakimu.

UKAMBANI NA JESHI

Watu wa Ukambani wanayo sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa historia yao yaonyesha yanayotokea kabila moja linapopewa fungu kubwa katika kazi moja.

Wakati wa utawala wa Waingereza, maofisa wa jeshi waliamini kwamba makabila fulani yalizaliwa kuwa askari. Wakamba walihesabiwa miongoni mwao, na wakaandikwa kwa wingi katika King's African Rifles na katika polisi. Imani hiyo haikuwa elimu ya kweli. Waliyachagua makabila waliyoyaona kuwa tiifu, na njaa na kodi ziliwasukuma vijana kupokea mshahara wa askari.

Mwaka 1938 ilionekana kwamba fungu kama hilo lina nguvu ya siasa. Serikali ilikuwa ikiwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao, na wanyama hao wakauzwa kwa bei ya chini. Maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona Gavana wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza ng'ombe. Wanahistoria wameeleza kwamba sababu moja ilikuwa hofu: askari wengi walikuwa wana wa watu wale wale waliokuwa wakilalamika.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, jeshi lilikuwa bado na sura ile ya kale. Miaka michache baadaye, zaidi ya robo ya maofisa walikuwa Wakamba. Joseph Ndolo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jeshi la Kenya. Lakini cheo kilichojaa watu wa kabila moja hutazamwa na wengine kwa macho mawili. Mwaka 1971 jina la Ndolo lilitajwa katika kesi ya njama ya kuipindua Serikali, naye akajiuzulu. Mwaka huo huo Jaji Mkuu Kitili Mwendwa, naye wa Ukambani, aliacha kazi. Tangu hapo askari wengi wa Ukambani waliendelea kutumikia kwa heshima, na Jackson Mulinge akawa Mkuu wa Majeshi hadi 1986. Hata hivyo funzo lilibaki: fungu lililotolewa na mtawala kwa sababu zake mwenyewe laweza kugeuka kuwa mzigo kwa wale waliolipokea.

Ndiyo maana Katiba ya 2010, kifungu cha 241, yataka uongozi wa Majeshi ya Ulinzi uwe na sura ya mikoa na makabila ya nchi. Askari wapya huandikwa katika vituo vilivyowekwa nchini kote, ili kila upande upate fungu lake. Lakini mgawo wa mahali pekee hautoshi ikiwa mkono wa anayeandika si safi. Mwezi Julai 2014 polisi 10,000 waliandikwa nchini kote. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi ilikwenda mahakamani ikieleza rushwa na makosa mengine, na tarehe 31 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ilifuta uandikishaji wote. Kila mahali palikuwa pamepewa fungu lake. Kilichokosekana ni uaminifu katika kuligawa.

MAFUNZO YA NCHI JIRANI

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wengi walitaka kazi zote za Serikali ziwekwe kando kwa Waafrika. Julius Nyerere alipinga uraia wa kupimwa kwa rangi, na katika Bunge la Oktoba 1961 alisema Serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali. Hata hivyo baada ya uhuru Waafrika walipewa nafasi ya mbele, kwa kuwa Wazungu na Wahindi walikuwa wameshika karibu vyeo vyote vya juu. Mwanzoni mwa Januari 1964 Nyerere alitangaza kwamba upendeleo huo umekwisha, na kwamba raia wote wangeajiriwa kwa usawa. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Dar es Salaam waliasi. Walidai mshahara zaidi na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Sababu za maasi hayo zilikuwa nyingi, lakini ilionekana wazi kwamba kuumaliza mgawo kwahitaji uangalifu uleule unaohitajika katika kuuanzisha.

Burundi na Rwanda zaonyesha kwamba chombo kimoja chaweza kufanya kazi mbili zinazopingana. Nchini Rwanda, baada ya 1973, mgawo ulitumiwa kupunguza Watutsi katika shule na katika kazi za Serikali, na kabila likaendelea kuandikwa katika kitambulisho cha kila mtu. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumiwa kuwatambua watu wa kuuawa. Nchini Burundi, ambako Watutsi walikuwa wameshika jeshi na vita vilianza 1993, mapatano yalitiwa sahihi Arusha mwaka 2000. Katiba ya 2005 ikaweka kwamba katika Serikali Wahutu wasizidi 60 katika kila 100 na Watutsi wasizidi 40, na katika jeshi na polisi kabila lo lote lisizidi nusu. Mgawo wa Rwanda uliwafungia watu mlango. Ule wa Burundi uliwahakikishia wote wawili kwamba hakuna atakayefungiwa. Kisha Katiba ya Burundi ya 2018 iliagiza Seneti iupime mgawo huo katika muda wa miaka 5, ili iamuliwe kama waendelea kufaa.

MAMBO YALIYOTOKEA BANGLADESH

Mfano wa karibuni watoka Bangladesh, nchi ya Asia iliyopata uhuru wake kwa vita mwaka 1971. Serikali ya huko iliweka nafasi za kazi kwa ajili ya waliopigania uhuru. Hapana mtu aliyeona vibaya. Lakini baadaye fungu hilo la nafasi 30 katika kila 100 lilipewa watoto wao, kisha wajukuu wao. Pamoja na mafungu mengine, nafasi 56 katika kila 100 zilikuwa zimewekwa kando, na vijana waliosoma waliona kwamba wanashindania sehemu isiyofika nusu.

Mwaka 2018 Serikali iliuondoa mgawo huo katika kazi za vyeo vya juu baada ya wanafunzi kuandamana. Mwezi Juni 2024 Mahakama Kuu iliurudisha, na maandamano yakaanza upya. Mamia ya watu waliuawa. Tarehe 21 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ya juu kabisa iliamua kwamba nafasi 93 katika kila 100 zitolewe kwa sifa, na 5 tu zibaki kwa jamaa za wapigania uhuru. Lakini uamuzi ulikuwa umechelewa, na damu ilikwisha kumwagika. Tarehe 5 Agosti 2024 Waziri Mkuu Sheikh Hasina, aliyekuwa ametawala miaka 15 mfululizo, alikimbia nchi.

Mgawo ulioanza kwa shukrani uligeuka kuwa urithi. Watu walipoamini kwamba urithi huo wawafaa wafuasi wa chama kilichotawala, Serikali yote ikaanguka pamoja nao.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Kutokana na mifano hiyo, mwananchi aweza kuupima mgawo wo wote kwa mambo manne.

Kwanza, sababu yake ielezwe. Mtu aliyekosa nafasi astahili kuambiwa ni upungufu gani unaorekebishwa, na kwa ajili ya nani.

Pili, uwe na mpaka. Fungu lililowekwa kando likizidi nusu, watu huacha kuliona kuwa msaada na huanza kuliona kuwa ukuta.

Tatu, hesabu yake iwe wazi. Mgawo wa siri ndio mlango wa rushwa, kwa kuwa hapana awezaye kujua kama nafasi ilikwenda kwa aliyewekewa au kwa aliyelipa.

Nne, upimwe mara kwa mara. Mgawo ulio mwema leo waweza kuwa dhuluma baada ya miaka 30, watoto wa waliosaidiwa wakiwa wamekwisha kuwa matajiri.

MWANANCHI AFANYE NINI?

Sheria yaitaka Bodi ya kaunti itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaitaka ofisi iliyoombwa habari itoe uamuzi wake katika muda wa siku 21. Kwa hiyo mkazi wa Nunguni aweza kuandika barua na kuuliza: nafasi zilikuwa ngapi, walioomba walikuwa wangapi, walioajiriwa ni wa makabila gani, wanawake ni wangapi, na walemavu ni wangapi? Hana haja ya kuomba siri za mtu. Aombe hesabu.

Vijana nao wafahamu kwamba nafasi za kaunti nyingine ni zao pia. Asiyekuwapo na lake halipo. Mlango uliofunguliwa na sheria hauna faida kwa mtu asiyepeleka barua ya maombi. Hali kadhalika, kijana wa kabila jingine ajaye kufanya kazi Makueni kwa mujibu wa sheria apokewe vema, kwa kuwa vile atakavyotendewa yeye ndivyo mwana wa Nunguni atakavyotendewa kwao.

MASWALI YA KUJADILIWA BARAZANI

1. Kaunti ikitangaza nafasi 50 za ngazi ya kuanzia, ni ngapi zatakiwa ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa?

2. Kuna tofauti gani kati ya mgawo wa Rwanda baada ya 1973 na ule wa Burundi wa 2005?

3. Kwa nini mgawo wa Bangladesh ulikubaliwa mwanzoni na kukataliwa baadaye?

4. Je, sheria ya nafasi 30 katika kila 100 yafaa iendelee milele, au iwekewe muda? Toa sababu.